Keni 91 kwa siku: kisa cha bustani ya mchicha na Mama Kijacho wa Kigamboni

Wanunuzi wake walianza kumwita Mama Kijacho tangu tumbo lilipoanza kuonekana, na hapa nitamwita hivyohivyo. Yeye na mumewe wanaishi upande wa Mwasonga, Kigamboni, pamoja na watoto wawili na mama mkwe. Ni Dar es Salaam, lakini ni ile Dar es Salaam ya mikorosho na visima, ambako mtu akikwambia anakwenda mjini unaelewa kwamba atavuka maji. Wana robo eka bondeni, urithi wa marehemu baba mkwe. Mchicha ndio unaowalisha. Pembeni kuna matembele, bamia mistari miwili, na mihogo mpakani kwa ajili ya kisamvu.

Mimi ni bibi shamba. Nawazungukia wakulima wa mboga upande huu, na familia hii naipenda kwa sababu wanaandika: wana daftari la mauzo ambalo halijawahi kukosa wiki. Wameniruhusu nisimulie kisa chao. Nakisimulia kwa kirefu kwa sababu kosa lililokizaa lilikuwa la hesabu, na hesabu ile niliipiga mimi.

Chini ya mkorosho, Novemba

Mvua za vuli zikikatika Desemba, Dar es Salaam inaingia kiangazi mpaka masika ya Machi. Januari na Februari jua ni kali, visima vinashuka, na mwenye maji ndiye mwenye mboga. Tuta lao la mchicha lina upana wa mita 1 na urefu wa mita 10. Mwezi wa saba wachuuzi walikuwa wakilinunua shambani kwa shilingi 7,000. Kiangazi cha mwaka uliotangulia walilinunua kwa 12,000. Daftari lilisema hivyo, na kisima chao hakijawahi kuwakaukia. Walikuwa na matuta 18 na nafasi ya kuongeza.

Mahitaji nayo yalikuwa wazi. Mtoto alitarajiwa mwishoni mwa Februari. Binti yao mkubwa alikuwa anaingia kidato cha kwanza Januari. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne kwenye shule za serikali iliondolewa 2016, lakini sare, viatu, begi na madaftari ni juu ya mzazi. Zaidi ya hayo Mama Kijacho alitaka akiba ya kukaa ndani siku 40 bila kumwomba mtu.

“Bibi shamba,” aliniambia, “mtoto wa pili nilijifungua nina elfu tatu kwenye pindo la kanga. Huyu sitaki iwe vile.”

Basi nikafungua ukurasa mpya. Matuta 14 ya nyongeza, kusia mbegu kuanzia tarehe 20 Desemba, mikupuo miwili kabla ya masika, kila mkupuo shilingi 168,000. Toa mbegu, toa mbolea ya kuku, toa dawa. Ilitoka vizuri. Nilikuwa na safu ya gharama, safu ya mauzo na safu ya faida. Sikuwa na safu ya mikono. Sikuuliza mimba ina wiki ngapi, na tumbo lilikuwa mbele yangu, na nilipofika nilikuwa nimempa hongera yake.

Ningeuliza, ningeziweka kalenda mbili moja juu ya nyingine. Hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 16 Mei. Manesi huhesabu wiki 40 hivi kuanzia hapo, na kwenye kadi yake waliandika 23 Februari. Mchicha wa kiangazi unaiva kwa siku 25 hivi, kwa hiyo uliosiwa tarehe 20 Desemba unavunwa katikati ya Januari, mimba ikiwa imepita wiki 34. Mkupuo wa pili unaiva katikati ya Februari, wakati ambao mtoto anaweza kuja siku yoyote, maana mimba huhesabiwa imetimia tangu wiki ya 37. Kwa ufupi, kazi nzito kuliko zote za mwaka tuliipanga katika majuma yaleyale ambayo mwili wake ulikuwa umebeba mzigo mzito kuliko wakati wowote. Tuliipanga hivyo kwa ajili ya mtoto.

Punje za mahindi

Jumamosi ya kwanza ya Januari nilirudi kwa jambo jingine kabisa. Baba watoto alitaka kukopa kwenye vikoba anunue pampu ndogo ya petroli, nami nikataka kwanza nijue wanamwagilia maji kiasi gani kwa siku. Mkulima ukimuuliza swali hilo atakwambia, “Tunamwagilia mpaka tuta likolee.” Kwa hiyo niliwapa makopo mawili matupu ya maziwa ya unga na bakuli la mahindi. Kila ukijaza keni moja ya kumwagilia kisimani, dondosha punje moja kwenye kopo lako. Makopo yalikuwa mawili kwa sababu waliokuwa wakimwagilia ni wawili, sababu nyingine haikuwepo. Nilikuwa nahesabu maji. Sikuwa nahesabu watu.

Saa kumi na mbili jioni tulimwaga punje kwenye mkeka. Mama mkwe ndiye aliyehesabu, akizipanga mafungu ya kumi kumi. Kopo la mume lilikuwa na punje 33. Kopo la mke lilikuwa na punje 91.

Keni ile ni ya lita 10, na lita ya maji ni kilo moja. Mwanamke mwenye mimba ya wiki 33 alikuwa amebeba kilo 910 tangu alfajiri, keni mbili kwa mara moja, moja kila mkono, hatua 40 kwenda kwenye matuta na 40 kurudi kisimani. Na hiyo ilikuwa siku ambayo mume yupo nyumbani. Siku tatu kwa wiki huwa anakwenda kibaruani Kibada kusaidia mafundi wa ujenzi, anarudi jioni.

Baba watoto alikaa kimya muda mrefu. Si mvivu, wala si mtu wa kumtesa mkewe, na nataka hilo lieleweke. Ndiye anayepiga jembe, anayebeba viroba vya mbolea, anayepulizia dawa. Kazi hizo zina alama: ukiinua tuta, kesho tuta lipo. Maji yanazama ardhini, na jua likitoka huoni kwamba kuna mtu aliyebeba chochote. Aliamini kwa moyo mweupe kwamba wanagawana nusu kwa nusu. Nilimwona akizichukua punje chache kutoka fungu la mkewe, akazishika kiganjani, kisha akazirudisha palepale.

“Mimi mbona nimezoea,” Mama Kijacho alisema.

Tukakubaliana kwamba mchicha wa mkupuo wa kwanza ukishatoka, tutapanga upya. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokubali. Namba tuliiona wote, na wote tukaona siku kumi si nyingi.

Tarehe 14

Siku ya kumi, saa tano asubuhi, simu iliita. Alikuwa ameinama kwenye mdomo wa kisima, macho yakaingia giza, akakaa chini, keni ikabingirika. Mama mkwe alipiga yowe. Jirani mwenye bodaboda akawapakia wote wawili mpaka zahanati, mkwe nyuma amemkumbatia mkwewe kwa mikono miwili asidondoke.

Nilipofika walikuwa wameshampima. Presha nzuri, mkojo hauna protini, malaria hakuna, mapigo ya moyo ya mtoto yanasikika vizuri. Wingi wa damu ulikuwa 8.4. Kwa mjamzito, chini ya 11 ni upungufu; chini ya 7 ni upungufu mkali na hali ya hatari.

Hapa natua kidogo, maana jambo hili linawagusa wakulima wengi wa mboga ninaowajua. Yule mama analima mchicha na matembele, na damu yake ilikuwa 8.4. Mchicha ulipoiva ulikuwa fedha, na fedha haipikwi. Nyumbani siku za mavuno walikunywa chai na mihogo asubuhi, mchana ugali na chochote kilichopatikana. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki, FEFO, vilikuwa kwenye rafu ya jikoni nyuma ya kopo la chumvi, vingi havijaguswa, kwa sababu vilimchafua tumbo. Vile alivyomeza alivishushia chai ya rangi, na chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini kama inavyotakiwa. Halafu kulikuwa na udongo, ule wa vipande vya kahawia unaouzwa sokoni kwenye mafungu. Alikuwa akiutafuna kila siku na akiona ni hamu ya mimba tu. Hamu ya udongo mara nyingi hufuatana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unaweza kuzidisha upungufu huo.

Kadi ya kliniki ilisimulia mengine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unataka mjamzito aonwe kliniki angalau mara 8, ya kwanza kabla ya wiki ya 12 kwisha. Yeye alianza wiki ya 18, akarudi mara mbili. Dawa ya SP ya kukinga malaria, ambayo humezwa palepale kliniki mbele ya mhudumu kila baada ya mwezi au zaidi, alikuwa amepata dozi 2, wakati inatakiwa afikishe angalau 3 kabla ya kujifungua. Nilimuuliza kwa nini alichelewa kuanza. “Kliniki ni asubuhi,” alijibu. Maji ni asubuhi, wachuuzi ni asubuhi. Kila siku ya kliniki ilimaanisha matuta 18 hayajanywa na mchuuzi amekwenda kwa jirani.

Nisieleweke vibaya: kubeba maji hakukumpunguzia damu. Lakini mwili wenye damu pungufu ukibebeshwa kilo mia tisa kwa siku chini ya jua la Januari, hauna akiba ya kujishikia.

Nesi alimwongezea vidonge, akamwambia avimeze na maji ya machungwa au ndimu, chai ikae mbali na chakula walau saa nzima, na mboga iwe dagaa, maharage na mchicha wake mwenyewe uliokamuliwa ndimu. Kisha akamtazama mama mkwe, si yeye, akasema, “Mama, keni asiishike tena.” Nesi yule anawajua watu wake.

Kikao cha usiku

Matuta 32, keni 4 kwa tuta kwa siku, jumla keni 128. Aliyekuwa akizibeba nyingi sasa amekatazwa. Tulikaa sebuleni baada ya chakula, taa ya sola katikati.

Pendekezo la kwanza lilitoka kwa mama mkwe. Binti aliyeanza kidato cha kwanza wiki ileile akae nyumbani mpaka arobaini ipite.

“Mwanangu, magoti yangu ndiyo haya unayaona,” aliniambia. “Huyu mikono anayo. Ni miezi miwili tu. Sisi tulilelewa hivyo na hatukufa.”

Binti alikuwa mlangoni. Baba yake alitazama sakafu. Nilijua asipotokea wa kusema, jambo lingepita, maana hakuna ubaya wowote ndani yake. Ndivyo nyumba nyingi zinavyoziba pengo. Sikumjibu mama haraka, kwa umri wake na kwa sababu alikuwa anamtetea mkwewe. Nilimweleza jambo moja tu. Mtoto huyu miaka yote saba ya msingi amesomeshwa kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza hisabati imekuwa Kiingereza, jiografia imekuwa Kiingereza, karibu kila kitu. Majuma haya ya mwanzo ndiyo walimu wanayotumia kuwavusha. Akirudi Machi, wenzake wako ng’ambo ya pili, na panton ya kuvukia imeondoka.

Mama mkwe amezaliwa Kigamboni. Kuachwa na panton anakujua. Alinyamaza, akavuta kanga begani, akasema neno ambalo mimi mwenyewe na madaftari yangu sikuthubutu kulisema:

“Basi matuta yafe. Matuta tutapanda mengine.”

Pampu ndilo lililofuata. Niliipinga kwa wakati ule, na bado naona nilikuwa sahihi. Mkopo wa vikoba unarejeshwa kila wiki, na wiki zilizokuwa zinakuja ni zile ambazo kipato kingeshuka na matumizi kupanda. Pampu ni chombo kizuri cha kukopea ukiwa na miezi sita ya mauzo mbele yako, si miezi miwili ya uzazi.

Kilichofanyika ni kupunguza. Matuta 6 ya nyongeza yalikuwa yameiva, yakauzwa kwa 12,000 kila moja. Manane yaliyosiwa baadaye yalikuwa bado machanga. Mchuuzi mmoja alikubali kuyachukua yote kwa 5,000 kila tuta, ang’oe na kufunga mwenyewe. Jumla 112,000 badala ya 168,000, na mkupuo wa pili haukusiwa kabisa. Inauma. Mume alikuwa ameyainua matuta yale kwa jembe la mkono.

Kwenye matuta 18 ya zamani ndiko kulikokuwa na fikra zaidi, na hapa nawasemesha wakulima wenzangu hasa. Tumezoea kupima zao kwa bei. Nyumba inayosubiri mtoto inapaswa kulipima pia kwa madai yake. Mchicha unadai kila siku: maji asubuhi na jioni, na ukiiva una siku chache tu kabla haujatoa maua na kugoma kuuzika, ukishavuna unasia upya. Bamia ni mbaya zaidi, ukiiacha siku tatu imekuwa kuni. Matembele yana subira. Unachomeka vipande vya mashina kutoka shamba lako mwenyewe, unayamwagilia vizuri mpaka yashike, baada ya hapo yanavumilia kukosa zamu moja, na yanachumwa na kuchipua tena miezi na miezi. Ukichelewa kuchuma wiki, hayajaharibika. Kisamvu kina subira kuliko yote. Bei ya fungu la matembele ni ndogo, sikatai. Lakini mama akiwa ndani na kichanga, zao linaloweza kusubiri lina thamani ambayo haionekani sokoni.

Tuligeuza matuta 8 kuwa matembele na kubakiza 10 ya mchicha. Matembele yaliposhika, hesabu ya maji ilishuka hadi keni 56 kwa siku. Baba watoto akazichukua zote, nusu alfajiri kabla ya kibarua, nusu jioni. Jirani mwenye pampu akawajazia mapipa mawili yaliyowekwa katikati ya matuta, kwa bei ya petroli tu, ili keni isitembee hatua 40.

Kulikuwa na mpango mwingine wa vifaranga 100 wa kuku wa nyama, wafike Februari. Niliomba uahirishwe na sikuona haya kuomba. Vifaranga wa wiki mbili za kwanza wanahitaji joto usiku kucha, mtu wa kuamka kuwatazama, jiko la mkaa ndani ya banda. Kichanga naye anahitaji mtu wa kuamka. Nyumba ile haikuwa na watu wa kuamkia wote wawili, na mvuke wa mkaa si kitu cha kukaa jirani na dirisha la mzazi.

Kilichokuwa chini ya kitanda

Siku tuliyopanga begi la kujifungulia, Mama Kijacho alivuta beseni kutoka chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na kanga zilizofuliwa, na nguo za uchanga za mtoto wao wa pili, maana mama mkwe hapendi mtoto anunuliwe nguo mpya kabla hajaja, tukaliheshimu hilo. Nyuma ya beseni, imesimama ukutani, kulikuwa na chupa ya kiuatilifu iliyofunguliwa, kifuniko kimefungwa kwa kitambaa. Iliwekwa hapo ili watoto wasiifikie. Kanga za juu zilikuwa zimeanza kushika harufu.

Zilifuliwa upya zote. Chupa ikaenda kwenye sanduku la mbao lenye kufuli, nyuma ya banda, pamoja na bomba la kupulizia. Tukasoma kibandiko pamoja na baba watoto, siku za kungoja kabla ya kuvuna, na ule mstari wa rangi chini ya chupa unaoonyesha ukali wa sumu. Nguo za kupulizia, ambazo mkewe alikuwa akizifua pamoja na za watoto, sasa anazifua mwenyewe, kwa maji ya peke yake, mbali na kisima. Tuta likipuliziwa, mke haingii. Sehemu hii ilikwisha kwa mchana mmoja, na nikiulizwa ni ipi ningeianza mwezi wa kwanza wa mimba, ni hii.

Usafiri tuliupanga kwa majina. Mwenye bajaji wa karibu aliambiwa wiki za mwisho aache simu wazi usiku, na nauli yake ikawekwa kando, haiguswi. Ukutani jikoni tuliandika kwa mkaa namba 115, ya bure, ya mfumo wa m-mama unaosafirisha wajawazito, wazazi na vichanga waliopata dharura. Chini yake mama mkwe, ambaye hasomi, aliomba tumkaririshe dalili za kukimbilia: damu kutoka, kichwa kuuma sana na macho kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba, degedege, maji kupasuka kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza. Alizikariri kwa kuzihesabia vidole.

Siku 84 za nani

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 kwa malipo, 100 akipata pacha, na baba siku 3. Ni haki njema. Mama wa bustani hana mwajiri wa kumsainia. Likizo yake inatoka mahali pamoja tu: kwa watu anaoishi nao kubeba alichokuwa akibeba. Ndiyo maana naona arobaini ya bibi zetu, mzazi kukaa ndani, kukandwa maji ya moto, kuletewa mtori na uji wa pilipili manga, ilikuwa mpango wa kazi kabla ya kuwa mila. Ilimtoa mama shambani kwa siku zinazojulikana, na kila mtu akajua zinaanza lini na zinaisha lini. Tulichopoteza mjini ni wale wanawake sita wa ukoo waliokuwa wakija kuishika nyumba. Mila imebaki, mikono imepungua.

Hapa mikono ilikuwa mama mkwe wa magoti mabovu, mume, na mdogo wake Mama Kijacho aliyekuja kutoka Mbagala kwa wiki mbili. Tuliwagawia kazi kwa majina, mpaka nani atapokea fedha ya mchuuzi alfajiri.

Uchungu ulianza usiku wa tarehe 5 Februari. Bajaji ilikuja kwa dakika 20. Alfajiri ya tarehe 6, wiki ya 38 kamili, alizaliwa mtoto wa kike, kilo 2.9. Damu ya mama wakati anaingia wodini ilikuwa 10.1. Nesi aliyempokea alisema bado ni ndogo lakini ni nyingine kabisa na ile ya kwenye kadi.

Arobaini ilitimia tarehe 18 Machi. Masika yalikuwa yameshaanza siku chache nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba keni zilining’inia ukutani. Siwezi kusema tulilipanga hilo.

Yaliyobaki

Nilirudi Mei. Matuta matatu ya bondeni chini yalisombwa na mvua. Deni la duka la pembejeo, la mbolea na mbegu za yale matuta 14, lilikuwa limelipwa nusu. Baba watoto alipoteza siku za kibarua ambazo hazirudi. Binti alikosa shule siku mbili, ya kuzaliwa mdogo wake na iliyofuata. Mtoto ananyonya maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi sita, kwa hiyo mama hawezi kuwa mbali naye. Anakaa chini ya mkorosho anafunga mafungu ya matembele, mtoto kwenye mkeka ndani ya chandarua kidogo.

Hawajaafikiana. Mume anataka pampu, kiangazi kijacho matuta yarudi 32. Mke anataka pampu pia, lakini anataka kwanza ajue yeye atakuwa wapi kwenye hesabu hiyo. Walibishana mbele yangu bila kuficha, na mama mkwe aliyashusha yale makopo mawili kutoka juu ya kabati akayaweka mkekani bila kusema neno.

Nilifungua daftari ukurasa mpya, nikapiga mistari ya gharama, mauzo na faida, na mwanzoni kabisa, kushoto, nikaongeza safu ya “nani”. Mama Kijacho aliomba kalamu. Mstari wa kwanza akaandika “maji”. Nafasi ya jina akaiacha wazi, akampa mumewe kalamu.